Bangili ya Shaba

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, nimeshiba, na akili zangu zilikuwa timamu.

Mimi kwetu Tanga. Nilikuwa nimepangiwa kazi Bariadi, upande wa utamaduni. Siku hiyo nilitumwa karibu na Lagangabilili, kwenye nyumba iliyofanywa makumbusho madogo, nikapige picha mapambo na vifaa vya Wasukuma wa zamani: shanga, vigoda vya kuchongwa, bangili za shaba. Dada Minza, mtunzaji wa pale, alinifungulia kabati la vioo, akaenda uani kuchemsha chai.

Nilipogeuka kuchukua kamera, bibi mmoja alikuwa amekalia kigoda cha maonyesho.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hicho hakikaliwi."

"Changu hicho," akajibu taratibu. "Na bangili ile yangu. Nivalishe."

Niamini, hofu ilikuwa bado haijaniingia. Nilidhani ni bibi wa jirani, uzee umemchanganya kidogo. Wewe ungemkatalia? Nikaichukua bangili, nikamshika mkono. Baridi kama mtungi! Nikaipitisha vidoleni, ikapita kiganja, ikapita mkono wenyewe kana kwamba navalisha moshi, ikaanguka sakafuni.

Bibi akautazama mkono wake. Machozi yakamtoka.

"Sasa nitaivaa wapi?" akauliza. Kisha akauangalia mkono wangu, akaushika.

Nilipiga ukelele. Minza akaja mbio.

"Unaongea na nani humu?"

Kigoda kilikuwa kitupu. Bangili haikuwepo sakafuni. Ilikuwa mkononi mwangu, imenibana mpaka vidole vimevimba.

Tulipaka sabuni, tukapaka mafuta ya kula, wapi! Minza alikuwa anasali kwa sauti. Mwishowe fundi wa kuchomelea mageti pale senta ndiye aliyeikata, na kila msumeno ulipogusa shaba, mtu alilia nyuma yangu. Fundi naye alisikia. Alipomaliza hakutaka hata kuniangalia usoni. Vipande Minza alivifukia, sijui wapi, na sikumuuliza.

Niliomba uhamisho, sasa niko Nyashimo. Mkono huu wa kushoto haujapata joto mpaka leo. Hospitali wamepima, hawaoni ugonjwa. Lakini nikimbeba mwanangu mchanga upande huu, ananyamaza ghafla, anakodoa macho nyuma ya bega langu, halafu anaangua kilio.

Kwa hiyo nakuomba, ukiingia mahali yanapotunzwa mapambo ya waliokufa, tazama tu. Akitokea mtu akakuambia umvalishe, usibishane naye, usimhurumie. Toka nje.