Hodi ya Kila Alasiri

Mwaka 1966 ulimkuta Bi Kheiria mjini Matrah, huko Uarabuni, keshajaribu dawa tatu kwa mumewe na hakuna hata moja iliyomridhisha. Bwana Mahfoudh alikuwa mzima wa mwili, lakini mlango ukigongwa tu, mbio stoo, kujificha nyuma ya magunia ya mchele. Alikuwa hivyo tangu Unguja, siku ile ya mapinduzi waliyogongewa nyumba yao. Na sasa watu wa Sib, mji wa jirani, walikuwa wanakuja kumposa Muhsina, binti yao wa pekee. Baba ndiye wa kuwafungulia. Nani angeoa kwa mtu anayejificha na mchele?

Mwalimu wa Kurani alimwandikia kombe, aya za zafarani zikaoshwa akanywa. Alilala vizuri wiki nzima. Kugongwa mlango, magunia yale yale. Jirani akashauri achomwe chuma cha moto kisogoni, dawa ya wenyeji. Hiyo, jamani, ilimwongezea kidonda juu ya woga. Vidonge vya hospitali vikamlaza fofofo hadi adhuhuri. Aliyelala hakimbii, kweli, lakini wala hamfungulii mgeni.

Bi Kheiria akachoka na waganga. Akakumbuka kwamba wale waliowavamia Unguja hawakupiga hodi, waligonga tu. Basi kila alasiri akawa anatoka nje, anagonga kidogo, anaita hodi, na mumewe anaitikia karibu. Mwanzo akiwa stoo, baadaye amesimama ukumbini. Siku moja hakuitikia. Alikaa chini akalia, akalitaja jambo ambalo nyumba nzima ilikatazana kulitaja.

"Mie ndo nlowafungulia. Amur alinambia nsifungue."

Amur alikuwa nduguye. Walimchukua, hakurudi.

Bi Kheiria hakumwambia anyamaze. Alikaa naye mpaka chai ikapoa, na kesho yake akagonga tena.

Wageni wa Sib walikuwa wameagizwa wapige hodi. Wakasahau, si desturi yao. Waligonga kwa nguvu, mara tatu. Bi Kheiria akatoka jikoni, akamkuta mumewe mlangoni pa stoo, kashika gunia.

"Mama Muhsina," alisema, "njoo usimame nyuma yangu. Nataka kufungua."

Akafungua. Nje walikuwa wazee watatu na sahani ya halua.