Nilipomjibu Daktari kama Kamanda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yamenivurugikia kichwani. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani nchi jirani, kijana wa mikono miwili na miguu miwili. Nikaomba malipo ya ulemavu kwa sababu akili yangu ilirudi na majeraha. Barua ikajibu: hakuna ulemavu unaoonekana. Nilijitazama kwenye kioo nikaona imesema kweli. Nikageuka, nikajua imesema uongo. Nishike lipi? Sikujua.

Nikakata rufaa. Mke wangu, Wairimu, akanisindikiza hadi ofisi moja katikati ya jiji, akabaki nje. Ndani walikaa watu watatu, mmoja wao daktari, mama mwenye mvi.

"Unalala vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana."

"Una shida gani?"

"Hakuna, afande."

Wakatazamana. Daktari akauliza, "Sasa umekuja kufanya nini?"

Jeshini nilifunzwa jibu moja tu kwa kila swali: hakuna shida, afande. Nikapiga saluti, nikatoka.

Yule mama akanifuata hadi mlangoni. "Kijana, nimekuuliza kama daktari, wewe unanijibu kama kamanda wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akamgeukia Wairimu. "Wewe ndiye bibi yake? Ingieni wote. Useme wewe."

Wairimu akasema, nami nikamsikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

"Sisi tunakaa Dagoretti, karibu na kichinjio. Harufu ya damu ikija, huyu anaingia chini ya kitanda. Mchana kweupe. Msichana wetu anadhani ni mchezo, anaingia naye."

Kumbe mtoto alikuwa pale chini pamoja nami! Sikuwahi kumwona hata mara moja. Nikalia mbele ya wale watu, na saluti yangu yote ikaisha.

Rufaa ilikubaliwa. Barua ya pili ilisema mimi ni mgonjwa, nami sikujua nishangilie au niomboleze. Nilianza kliniki wiki hiyo. Hadi leo naenda, na zipo siku ambazo bado sijielewi.

Basi, mwanangu, ukiulizwa unaumwa wapi, usijibu kishujaa. Sema kweli, hata ikitoka vipande vipande. Na ulimi ukigoma, mwachie aseme yule unayeishi naye, maana ameyaona usiyoyaona. Mungu akupe ulimi usioona haya, na akukutanishe na watu watakaokusikiliza hadi mwisho.