Damu Yangu Hawakuitaka

Wiki ile watafiti walipokuja, mimi na dada yangu tulikuwa tukizunguka Kinondo mlango kwa mlango kuwabembeleza watu damu. Mama alikuwa na saratani ya ziwa la kushoto, na damu ilikuwa imempungua hata viganja vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Tulimwomba kila mtu mwenye afya aende hospitali ya Msambweni akamtolee. Wachache walikubali. Wengine walitupa pole na chai, wakaishia hapo. Kwa hiyo nilipomwona daktari kijana na muuguzi wakipita kwenye mabenchi ya wagonjwa na sanduku lao la barafu, wakiomba damu ya utafiti, niliona tunachezewa shere.

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. "Sista," nilimwambia muuguzi, "huyu hana damu, sisi twamtafutia kwa watu. Nanyi mwaja kumtoa?"

Hakukasirika. Alichutama mbele ya mama, akamwamkia shikamoo, akaeleza polepole. Alitaka kichupa kidogo tu, na daktari wa wodi alikuwa amekubali. Damu hiyo haingemtibu. Hilo alilirudia mara mbili. Ilikuwa ya kutafuta kama ugonjwa huu unatembea katika ukoo. Wakiona kitu, wangependa kuwapima na watoto wake ili wajue mapema. Akikataa, matibabu yake yangeendelea vilevile. Mwanamke aliyekaa kando yetu alivuta mtandio na kuanza kunong'ona habari za mumiani, wale wanyonya damu tuliotishiwa nao utotoni. Mama alikuwa keshapandisha mkono wa buibui.

Nilidhani ni ukarimu wake tu, maana hakujua kumwambia mtu hapana. Sikujua kwamba katika maneno yote yale alishika moja: watoto.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo nyumbani kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtu analijua. Mama hakunizaa. Aliyenizaa alikuwa jirani na shoga yake, na alifariki siku hiyohiyo aliyonizaa. Mama alikuwa na binti yake mchanga kifuani. Akanichukua kabla jeneza halijatoka, akanipa ziwa la kushoto, la kulia akamwachia mwanawe, na hivyo ndivyo tulivyogawana mpaka tukaachishwa. Kwa dini yetu hilo linatosha. Wanawe wa kiume ni kaka zangu, siwezi kuolewa nao. Binti yake huniita pacha. Sijawahi kulala njaa katika nyumba ile, wala kuitwa mtoto wa mwingine.

Miezi ilipita. Mama alipata damu, akakatwa ziwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Kisha simu ikapigwa: wameona kitu katika damu yake, kitu ambacho mzazi anaweza kumrithisha mtoto, na watoto wakipenda, waje wapimwe. Niliomba ruhusa hotelini Diani ninakofua mashuka, mimi na dada tukatangulia kaka zetu, mama katikati akihema kila baada ya hatua chache.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimtoa dada yangu damu, akabandika jina kwenye kichupa, akanigeukia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Mwafanana umri," alisema. "Ni mapacha?"

"Huyu ni wa kunyonya," mama alijibu kwa fahari. "Ziwa hili." Akagusa kifua mahali palipobaki kovu.

Muuguzi aliweka sindano chini. Akasema, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba basi damu yangu haihitajiki. Wanachokitafuta hurithiwa kwa kuzaliwa.

Mama alisimama. Mtu aliyekuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa, alisimama peke yake.

"Mpimeni huyu kwanza," alisema. "Yule ni wangu. Huyu ni amana. Mamake alinikabidhi kwa kinywa chake, nami nimemnyonyesha sumu."

Ndipo nikaelewa kwa nini alitoa damu yake haraka vile, na kwa nini tangu hapo alikuwa akinikodolea macho nikivua nguo, akiniuliza kama nimejipapasa kifua. Nilikuwa nikimjibu kwa karaha. Nilidhani ni maradhi yanamzungusha akili.

Daktari aliitwa. Alimweleza kwamba saratani haipiti kwenye maziwa, kwamba hata mama mgonjwa hamwambukizi mtoto kwa kumnyonyesha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua ya umri mrefu. Kisha akamuuliza kwa adabu ileile.

"Mwanangu, maziwa haya yamemfanya haramu kuolewa na wanangu. Yamemfanya ndugu yao hadi siku ya kiyama. Nawe wanambia hayapitishi kitu?"

Kijana wa watu alianza kueleza upya, maneno yaleyale. Sikumcheka. Mimi mwenyewe mpaka leo nikiulizwa vile najua nitababaika.

Nilimvuta muuguzi pembeni. Nilimsihi anitoe damu hata kama ataimwaga, mama akione kichupa tu, baadaye aambiwe iko safi. Machozi yalimlenga lakini alikataa. Alisema hawezi kumchoma mtu sindano kwa ajili ya uongo, na kwamba mama alijitolea damu yake kwa sababu aliambiwa ukweli. Alikuwa na haki. Siku ile nilimchukia hata hivyo, nikatamani ateleze aanguke na sanduku lake.

Majibu ya dada yangu yalipotoka, alikuwa nacho. Hakuwa mgonjwa, walimsisitizia hilo, lakini amekibeba kitu kilekile, na itambidi achunguzwe maisha yake yote, huku akifikiria kama atakatwa maziwa angali mzima. Ana binti wa chekechea. Alikwenda kumwambia mama mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema bila kuzungukazunguka.

"Alhamdulillahi kwa kila hali," mama alisema. Kisha akageuza shingo. "Na mwenzio? Bado hawajampima?"

Niliuona uso wa dada yangu. Nikatoka nje, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Kwetu mtu akihisi safari imekaribia huwaita watu wake awatake radhi. Mama aliniita mimi. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, nikainamisha sikio.

"Nisamehe maziwa yangu."

Nilikataa. Nilimkemea mtu anayekata roho. Nilimwambia hakuna la kusamehe, kwamba bila maziwa hayo ningezikwa na mamangu kabla ya arobaini. Ningewezaje kusema nimekusamehe? Kusema hivyo ni kukubali kwamba alinidhuru, na katika maisha yangu sijapata kitu cha halali kuliko yale maziwa. Lakini asubuhi iliyofuata aliomba tena, na iliyofuata tena, akinishika kanga kwa vidole vilivyobaki mifupa. Nilimletea ushahidi wote wa daktari. Hakuutaka. Alitaka neno la kwenda nalo.

"Nitaonana na mamako," alisema. "Ataniuliza."

Nililia kwa hasira. Sijui nilimkasirikia nani.

Dada yangu aliingia na bakuli la uji, akakaa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amesikia.

"Mwambie," alisema. "Mama ataka neno lako. Litakupunguzia nini?"

Nikaushika mkono wa mama kwa mikono yote miwili. "Nimekusamehe, mama. Maziwa yote. Duniani na akhera."

Alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. Paji la uso likalainika, vidole vikaachia kanga yangu. Tangu auguze lile ziwa sikuwa nimemwona bila hofu usoni, na niliona aibu kwamba nilimnyima neno dogo vile siku zote zile.

Dada yangu aliweka bakuli sakafuni. Akajifuta mikono, akavuta mtandio vizuri kichwani, akasogea mpaka magoti yakagusa kitanda, akamtazama mama usoni. Mwanzoni sikufahamu anafanya nini. Kisha nikafahamu kwamba anangoja zamu yake ya kuombwa radhi. Tulikaa hivyo hadi adhuhuri, yeye akingoja, na mama hakufumbua macho tena.