Mteja Brayani Ananinyang'anya Mpenzi, na Brayani Ni Mimi

Admin, jina langu lifukie hapo hapo ulipolisoma. Vijana wa Old Kampala wananijua, na kesho nataka kupita mbele yao kichwa juu.

Mimi ni kijana wa miaka 24, natengeneza simu. Shule niliiacha Senior Two, au tuseme shule iliniacha, lakini kwa mambo ya mitandao hakuna mwenye digrii anayeniweza. Baba ni askari, nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kinanitoka hivi. Sura pia ninayo, ila hilo tuliache, siombi kura.

Nina mpenzi, nitamwita Furaha. Ni Mkongo, fundi wa kushona, ana cherehani yake pale Kisugu. Tuko mwaka wa pili. Nilipomkuta alikuwa anaposti nguo kwenye akaunti yake ya kawaida, gauni limechanganyika na picha za kwaya na mtoto wa dada yake anayeota meno. Nikamwambia hapana mama, mtu anayetafuta gauni asikutane na meno ya mtoto. Nikamfungulia ukurasa wa biashara. Nikamfundisha kupiga picha nje asubuhi, si ndani chini ya taa inayogeuza nyekundu kuwa kahawia. Bei uiandike, maana mteja akiambiwa "njoo inboksi" anaenda kwa jirani. Picha ya mteja usiiweke bila kumwomba. Na kubwa kuliko yote, kila anayeandika mjibu haraka, mtaje jina, mtilie neno tamu, ajione yuko peke yake duniani.

Jamani, yule mwanamke alielewa. Alielewa kupita kiasi. Wateja wakaanza kuja hata kutoka mbali, Kawempe huko. Mimi nimekaa kibandani, bisibisi mkononi, nasoma komenti. "Karibu sana Ronaldi wangu." Wangu? "Hasani umepotea, moyo ulikuwa unauliza." Moyo upi? Mimi nikimwandikia umeamkaje, ananijibu "vizuri", basi. Nikimwambia nina malaria, "pole, kunywa dawa". Hasani aliyenunua kimfuko kimoja cha kitenge ana maua matatu na busu.

Nikamuuliza. Akacheka, akasema, "Mwalimu, si ni wewe ulinifundisha? Ile ni kazi."

Mwalimu. Hakusema mpenzi.

Basi nikafungua akaunti nyingine. Jina Brayani, mkazi wa Ntinda, picha ya gari jeupe ambalo wenyewe walikuwa wamelileta kuoshwa jirani na kibanda changu. Nilitaka tu kuona atafika wapi. Nikausifu mshono. Akajibu, "Asante papa Brayani, umenifurahisha leo." Siku ya pili nikamuuliza kama amechoka. Ya tatu akaniuliza yeye kama nimekula. Admin, mwaka wa pili huu, mimi sijawahi kuulizwa kama nimekula.

Nikaanza kununua bando kwa ajili ya Brayani. Brayani anaamka mapema. Brayani anamuuliza habari za mgongo, kwa kuwa kuinamia cherehani siku nzima kunamuumiza. Anamuuliza mama yake aliyebaki Bukavu anaendeleaje. Hayo mimi sikuyajua, niliambiwa nikiwa Brayani. Nikaanza kumchukia kwa kweli huyo jamaa. Namwona anavyojua kuongea, mshenzi, na vidole ni vyangu.

Wiki iliyopita wivu ulinizidi, Brayani akamuuliza kama ana mtu. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Ikaja: "Niko na mtu. Ni mtu mzuri, ni yeye alinifungulia huu ukurasa. Lakini tangu siku ile anaongea na mimi kama mwalimu. Anauliza wateja wamefika wangapi. Mimi mwenyewe haniulizi niko aje."

Bisibisi iliniponyoka. Nilitaka kumjibu kama mimi, nikashindwa, nikajibu kama Brayani: nikaagiza shati. Ndiyo, wengine wakiogopa wanakimbia, mimi naagiza nguo. Akaomba vipimo. Bila kufikiri nikamtumia vyangu, kwa sababu ndivyo pekee ninavyovijua, na alinipima yeye mwenyewe Krismasi: kifua, shingo, na mkono wa kushoto ulio mfupi kidogo tangu nilipovunjika nikiwa mtoto. Fundi gani anasahau mkono kama huo? Baada ya kutuma ndipo akili ikarudi. Yeye akajibu "Sawa". Hakuna papa, hakuna ua.

Jana akamwandikia Brayani: "Shati iko tayari. Jumamosi saa nne asubuhi uje wewe mwenyewe, usitume mtu. Nataka nikuone." Dakika mbili baadaye simu ile ile mkononi mwangu ikalia tena, safari hii kwa akaunti yangu. Ananiambia Jumamosi asubuhi nisiende kwake, ana mazoezi ya kwaya.

Sasa ninyi wenye digrii nisaidieni. Ama alinitambua kwa ule mkono, na Jumamosi ananingoja na makasi. Ama hakunitambua, na ameniongopea ili akutane na mwanamume mwingine, yaani ananisaliti na mimi. Sijui lipi linauma zaidi. Nikimfuata kugombana, nitasema nini? Kwamba nimemfumania na nani? Nisipoenda, Brayani atakuwa amemvunja moyo, nami nitabaki na mwanamke anayemlilia mtu aliyekuwa akimuuliza habari za mgongo, na mtu huyo si mimi, ingawa ni mimi.

Najisifu sana, mnaona, lakini huyu dada nampenda na naogopa kumpoteza. Hilo sijawahi kumwandikia kwa akaunti yoyote.

Nishaurini. Jumamosi niende? Na akifungua mlango akaniuliza nimekuja kama nani, nimjibu nini?