Bunduki Iliyopakwa Mafuta

Muthama hakuomba kuwa shujaa. Alikuwa mkulima wa ndengu katika kijiji kimoja mbele ya mji wa Kyuso, mwimbaji wa besi kanisani, mtu wa aibu nyingi. Wafugaji wa ngamia walipozidi kuingiza mifugo mashambani na watu wakaanza kuuana, serikali iliamua kwamba dawa ni kuwapa wanakijiji wachache bunduki na kuwaita polisi wa akiba. Akachaguliwa yeye na rafiki yake Mutisya. Walifundishwa kulenga shabaha, kusafisha mtutu na kupiga saluti. Mafunzo yakaishia hapo. Saluti ilionekana muhimu sana.

Mutisya alipigwa risasi kando ya silanga wanakonyweshea mifugo, akafia mikononi mwa Muthama. Mazishi yalifana. Wakubwa walikuja na miwani nyeusi, wakaapa kwamba damu ile haitamwagika bure, wakala nyama, wakaenda zao. Muthama akarudishwa silangani na bunduki ile ile. Hakuna aliyemuuliza hali.

Mkewe, Kasiva, ndiye aliyeona. Mume hakulala tena. Alizunguka boma akibishana na Mutisya kana kwamba wamesimama pamoja. Alisusia chakula akidai kimetiwa sumu. Halafu Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, akalipiga risasi tangi la maji la kanisa kwa sababu alisikia watu ndani yake wakimsengenya. Waumini walilala chini na nguo zao nzuri, wakilia. Na hao wenye akili timamu walifanya nini baada ya hapo? Walimwita fundi akaziba tundu.

Kasiva akaenda kwa chifu.

"Chifu, naomba mumpokonye bunduki. Mume wangu ni mgonjwa wa kichwa."

"Mama Nduku," chifu akasema bila kuacha kuchokonoa meno, "huyo ni mlinzi wetu. Unataka ngamia wamalize ndengu zako?"

"Amelipiga tangi, chifu. Kesho atapiga mtu."

"Si ni vizuri? Maadui wakisikia ana wazimu kidogo, wataogopa."

Wazee waliokuwa pale wakacheka sana.

Akaenda kwa mchungaji. Huyu hakucheka, na heri angecheka. Alitangaza maombi maalumu, akampigisha Muthama magoti mbele ya madhabahu, akamwekea mikono, kisha akamimina mafuta ya upako kichwani mwake na mengine juu ya mtutu wa bunduki, ili pepo lisipate pa kukaa. Kwaya ikaimba. Muthama akainuka akitetemeka, mafuta yakimchuruzika shingoni, akapewa tena bunduki yake, sasa imetakaswa na inang'aa.

Mkuu wa kituo cha polisi naye alimsikiliza Kasiva akiwa anatazama simu. "Bunduki ya serikali hairudishwi na mke," akasema. "Huyo mtu namjua, yuko sawa kabisa. Kama anaumwa, aje mwenyewe aniambie."

Asubuhi moja Kasiva alirudi na kuni, akamkuta Muthama ameketi kwenye kigoda, bunduki mapajani, kidole kimegusa kifyatulio. Alikuwa akimkazia macho binti yao Nduku, aliyekuwa amewapa mgongo akipepeta ndengu na kuimba.

"Yule si Nduku," Muthama akanong'ona. "Wamemtoa Nduku, wakaweka huyu."

Kasiva akatua kuni polepole. Hakupiga kelele.

"Nani amekuambia?"

"Mutisya. Anasema nimpige."

"Na wewe, Baba Nduku? Wewe mwenyewe unasemaje?"

Muthama akageuza macho kwake. Jasho lilimtiririka. Tangu Mutisya azikwe, hilo lilikuwa swali la kwanza mtu kumuuliza yeye, si shujaa wala pepo lake.

"Mimi nasema uichukue," akajibu, na sauti ile ya besi ikapasuka. "Ichukue, Kasiva. Peleka mbali. Nikiiomba, usinipe."

Akaichukua. Ikamlemea kuliko alivyodhani. Akamwambia Nduku akimbie kwa nyanya yake, akaisokomeza bunduki ndani ya gunia la ndengu, akamtwika punda, akashika njia ya kituoni.

Mkuu wa kituo alipoona mtutu ukichomoza kwenye ndengu, aliruka kitini.

"Mama, unajua ni kosa kubwa kupatikana na bunduki ya serikali?"

"Sikupatikana nayo, afande. Nimewaletea."

"Ndiyo hivyo. Umeileta, kwa hiyo umepatikana nayo."

Wakamtia ndani. Kumnyang'anya mgonjwa bunduki kuliwashinda, lakini kumfungia mwanamke na gunia lake la ndengu hakukuwashinda hata kidogo.

Jua lilipoanza kuinama, Muthama, aliyekuwa amesikia kwamba mkewe amefungwa, alifika kituoni peku, nguo zimeraruliwa na miiba. "Nimekuja mwenyewe," akasema kwenye kaunta. "Mimi ni mgonjwa. Mke wangu hana kosa, ni mimi nilimpa."

Mkuu wa kituo, yule aliyemjua kuwa yuko sawa kabisa, alishajifungia ofisini.

"Ana silaha?" akauliza kutoka nyuma ya mlango.

"Hapana, mkubwa," askari wa kaunta akamjibu. "Silaha iko hapo mezani kwako."

Kasiva aliachiliwa bila neno la pole. Ndiye aliyempeleka mumewe hospitali, akakaa naye wodini, akajifunza dawa zake. Daktari alisema ugonjwa huo una jina na una tiba, na kwamba kama wangemleta mapema, asingeteseka hivyo. Sasa Muthama yuko nyumbani. Dawa zinamfanya mzito, mikono humtetemeka, lakini analala. Nduku amemsamehe ingawa bado hapendi kumpa mgongo.

Chifu aliitisha baraza akajisifu kwamba ofisi yake ilichukua hatua za haraka. Kisha akamsimamisha mpwa wake, Kiilu, apigiwe makofi: ndiye mlinzi mpya, na bunduki ni ile ile.

Kasiva akasimama. "Mmemuuliza kama analala usiku?"

Watu wakacheka. Chifu akamwambia akae. Hakukaa. Muthama naye akainuka polepole kando yake, na hapo kicheko kikakatika, kwa sababu bado walimwogopa. Chifu akafunga baraza kwa sala, akapanda pikipiki na Kiilu nyuma yake, bunduki begani.