Alhamdu ya Dobi

Kitu cha kwanza unachokiona kwa dobi huyu si pasi wala lundo la mashati. Ni vidole vya mkono wake wa kushoto. Wa kulia unasukuma pasi, wa kushoto unanyoosha kola, na kila anapoiinua kola kuitazama, vile vidole huanza shughuli zao wenyewe: kimoja hukunjwa, kisha cha pili, halafu vyote viwili hufunguka. Mteja mgeni hudhani anahesabu nguo. Kumbe anapima sauti. Katika tajwidi, yaani kanuni za kuitamka Kurani ipasavyo, kuna mahali ambapo sauti huvutwa, na anayejifunza huupima mvuto kwa kukunja vidole: viwili hapa, vinne pale, sita kule. Dobi ana miaka hamsini na minane, na ndiyo kwanza anajifunza kuishia kwenye viwili.

Nusu ya umri wake alivuta vitatu, na aliona fahari.

Utotoni hakukaa chuoni, kwenye madarasa ya Kurani. Wenzake walipokuwa wakiimba alifu na bee, yeye alikuwa kwa mjomba wake akisuuza mashuka, mikono imekunjamana kwa sabuni kama ya kikongwe. Alipooa ndipo aibu ilipomkaba. Mkewe alimwomba wasali pamoja, naye akagundua kwamba mwanamume mzima hana hata sura tatu za kusalisha. Akanunua redio ya kaseti iliyokwisha kutumika, pamoja na kisanduku cha kaseti za msomaji mmoja anayefundisha aya kwa aya, akaiweka kwenye rafu juu ya meza ya pasi. Kuanzia siku hiyo alipiga pasi na kufuatisha, kupiga pasi na kufuatisha, mpaka akaimaliza yote Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura fupi fupi.

Sauti ya yule msomaji ilikuwa nzito, ya polepole, yenye kukokota kila neno. Dobi aliipenda kwa ajili hiyo. Akiwasikia wasomaji wengine msikitini au kwenye matangazo, alikunja uso. "Wanakimbizwa na nani hawa?" alimwambia mkewe. "Kurani inataka adabu."

Jirani yake, fundi redio, ambaye kibanda chake kilitenganishwa na chumba cha dobi kwa mbao tu, alimpa jina: Shehe Polepole.

"Shehe Polepole," alimwambia mara moja walipomaliza kusali dukani kwa dobi, "mimi nikisali nyuma yako naingia nimenyoa, natoka na ndevu."

Dobi alicheka. Mtu husifiwa kwa namna nyingi.

Mkewe alisali nyuma yake miaka kumi na mitatu. Wakapata mtoto mmoja, binti, naye dobi alimfundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, mtoto akiwa amekaa juu ya furushi la mashuka. Mama alipofariki, binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Wakabaki wawili, wakasali wawili, yeye mbele na mwanawe nyuma. Binti alipotimiza miaka kumi na mitano, dobi akampeleka kwenye shule ya bweni ya wasichana inayofundisha Kurani. Siku ya safari alimpigia pasi sare zote.

Binti alirudi likizo mwisho wa mwaka wa kwanza. Jioni ile dobi alisalisha Magharibi kwa moyo mkunjufu, akavuta kuliko siku zote. Walipomaliza, binti aliingia chumbani kwake. Baada ya kitambo dobi alipita na birika la chai, mlango ukiwa wazi kidogo, akamwona mwanawe amesimama kwenye mkeka, mikono kifuani. Akangoja mpaka alipotoa salamu.

"Ulikuwa unasali nini, mwanangu?"

"Magharibi, baba."

"Si tumeshaisali?"

Binti aliutazama mkeka. "Usinichukie, baba. Kisomo chako kina makosa. Mwalimu alisema nikisali nyuma yako niirudie."

"Mwalimu wako amenisikia wapi mimi?"

"Amenisikia mimi. Siku ya kwanza niliambiwa nisome, nikasoma kama ulivyonifundisha."

"Ikawaje?"

"Walicheka. Darasa zima. Mwaka mzima wananiita Betri Zimekwisha."

Dobi hakulielewa lile jina, wala hakuuliza. Aliliweka birika sakafuni, akaenda kukaa kwenye meza ya pasi. Kesho yake, jua lilipozama, alivaa kofia akaenda kusali msikitini peke yake, na kesho kutwa vivyo hivyo. Hawakugombana. Ila tangu siku ile hakumsalisha tena mwanawe. Binti alimaliza shule, akawa mwalimu wa tajwidi, akaolewa mji mwingine. Kila alipokuja kutembea, wakati wa sala kila mmoja alishika njia yake, kama wapangaji wawili wanaotumia uani kwa zamu. Miaka kumi ilikatika hivyo. Dobi alijifariji kwa jambo moja: kwamba wale walimu wa siku hizi wana haraka, na mwanawe wamemharibu.

Hata faraja hiyo akanyang'anywa. Asubuhi moja redio ilikataa kabisa, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akachomoa kimpira kile kinachozungusha kaseti. Kilikuwa kimelegea kama soksi kuukuu. Akatia kipya, akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana: nyepesi, iliyochangamka, inayovuta na kuachia kwa wakati.

"Umetia kaseti ya nani?" dobi akauliza.

"Si hiyo hiyo yako?"

"Huyu siye."

"Ndiye huyu, Shehe. Kimpira kilikuwa kimechoka, kaseti ikawa inajikokota. Nadhani uliinunua hivyo hivyo."

Dobi alishika ukingo wa meza. "Na wewe siku zote hizi ulikuwa unasikia?"

"Ukuta wenyewe mbao, nisisikie nina nini?"

"Na kazi yako ndiyo hii."

"Nilidhani ndivyo unavyopenda," fundi alisema, akipangusa bisibisi kwenye suruali. "Wengine hupenda taratibu, wapate kufuata."

Zaidi ya miaka ishirini. Dobi aliichukua redio akarudi kwake, na shati la kwanza alilolishika siku hiyo aliliunguza mgongoni.

Wiki iliyofuata alijikaza kisabuni, akapanda ngazi za duka la vifaa vya ujenzi, kwenye chumba cha juu ambako watu wazima husomeshwa Jumamosi na Jumapili. Mwalimu alikuwa kijana wa kumzaa, mpole lakini asiyesamehe herufi. Alimsikiliza dobi akisoma Alhamdu, sura ambayo hakuna sala bila yake, mpaka mwisho, asimkatize.

"Umesoma kwa nani, mzee wangu?"

"Kwa kaseti."

Nyuma mtu akakohoa kicheko. Mwalimu hakucheka. "Kaseti haina mdomo," alisema. "Kisomo hiki hupokewa kwa kutazamana. Lazima uuone ulimi wangu unagusa wapi, nami niuone wako. Urefu si tatizo kubwa, tutaupunguza. Tatizo ni hii *ha*. Yako inatoka kifuani kama ya mtu aliyechoka. Inatakiwa itoke katikati ya koo. Unajua unavyopulizia kioo cha miwani ukakifuta? Hapo hapo."

Dobi akabaki baada ya wengine kushuka. Alikuwa na swali alilolibeba miaka kumi, na alilijia akiwa na tumaini la siri: aambiwe kwamba binti alizidisha.

"Mwalimu, mtu wa namna yangu akisalisha, sala inakuwaje?"

"Yako imetimia. Ulimi usioweza hauna lawama. Na ukiwasalisha wanaosoma kama wewe, nao imetimia."

"Na anayejua?"

Kijana alivuta kiti karibu. "Kwa wanavyuoni tunaowafuata sisi, anayeisoma Alhamdu vizuri hamfuati anayeikosea herufi. Akimfuata, huirudia."

Kwa hiyo alikuwa sahihi. Msichana wa miaka kumi na sita, na mbele ya baba aliyempenda, alikuwa sahihi, na baba akamnunia miaka kumi.

"Na mke wangu?" dobi aliuliza kwa sauti ndogo. "Alisali nyuma yangu mpaka anakufa."

"Yeye alikuwa anasomaje?"

"Kama mimi. Nilimfundisha mimi."

"Basi mlikuwa sawa sawa, mzee wangu."

Alishuka ngazi akiishikilia ile "sawa sawa", asijue kama amepewa zawadi au ameongezewa mzigo.

Miezi kumi na minne alipulizia kioo. Kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia, alikisogelea hadi pua, akafungua mdomo akakitia ukungu. Fundi redio, ambaye sasa alikuwa akimwonea haya, alichungulia mara moja akasema, "Shehe, ukikibusu tu nitajua umepata mke mpya." Dobi alikifuta kioo, akapuliza tena. Redio ilikuwa juu ya rafu, nzima kabisa, haijawashwa tangu siku ile. Jumapili iliyopita mwalimu alimsikiliza Alhamdu mara tatu mfululizo, akafunga msahafu, akasema, "Imetulia. Msalishe umtakaye."

Anamtaka mmoja. Alimpigia simu, asimweleze lolote kuhusu darasa. "Ukija Jumamosi tutasali pamoja," alisema tu.

"Sawa, baba," binti alijibu, kwa ile sauti watu wanayowajibia wagonjwa.

Naam, leo ni Jumamosi, na binti amefika. Wamekula, wamezungumza habari za mume wake na za bei ya sabuni. Jua limezama. Dobi ametandika mikeka miwili, wa mbele wake, wa nyuma ule aliokuwa akiusalia marehemu mkewe. Kutoka alipo anauona mlango wa chumba cha binti. Ataujua ukweli kwa mlango huo: baada ya salamu, mwanawe atabaki kwenye mkeka, au ataingia kule na kusimama upya.

Huko uani maji yanachuruzika, binti anatawadha. Dobi anapanguza mdomo kwa kiganja. Anaijaribu ile *ha* bila sauti, mara moja, kisha tena. Bomba linafungwa. Kandambili zinakuja taratibu juu ya saruji, na vidole vya mkono wa kushoto vimeshaanza: kimoja, cha pili, basi.