Nati Aliyoifunga Baba

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua spana moja tu, ya kukazia mtungi wa gesi jikoni kwangu, na kijana wa duka akanimwagia spana tele mezani kama anayemwaga dagaa. "Chagua mama, zote orijino hizo." Nikachukua moja, nikailaza kiganjani, nikafumba macho. Kijana akacheka, akamwita mwenzake aje kumwona mteja anayesinzia na spana. Sikumlaumu. Hata mimi sikujua kwamba mkono wangu bado unakumbuka mambo hayo. Nilipofumbua macho ndipo nikatambua nimesimama wapi. Duka lile liko chini ya ghorofa, na ghorofa lile limekalia nyumba tuliyopanga nilipokuwa mtoto, hapo karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nikalipa, nikatoka upesi kabla sijaanza kumsimulia kijana wa watu mambo ambayo hakuniuliza. Nakusimulia wewe.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele, kwa hiyo baraza tuliifanya yetu. Baba alikuwa fundi magari. Wenzake waliotoka naye Kilimanjaro walifungua maduka. Yeye alifungua injini. Mama, naye wa huko huko, alikuwa akimtania kwamba ndiye Mchaga pekee aliyekuja Dar kununua bila kuuza. Maana baba alikuwa na ugonjwa wa vifaa. Akisikia mtaa wa pili, Gerezani, kumeshushwa mzigo wa vifaa vya mtumba, atakwenda mbio, na atarudi na kitu kimeviringishwa gazetini, akijaribu kupita nyuma ya mama asionekane. Alionekana kila mara.

Jumapili tukitoka kanisani, mtori wa ndizi ukiwa bado jikoni, alitandaza gunia barazani na kupanga vifaa vyake kuanzia vidogo hadi vikubwa: spana, soketi, bisibisi, koleo, tupa. Kila kimoja alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha watu wake walifika. Walikuwa watatu, na hawakukosa. Jirani yetu wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona, ambaye hakuwahi kufungua hata baiskeli lakini alishika spana kwa leso ili asiichafue. Mwalimu wangu wa hesabu, mwenye pikipiki kuukuu iliyoharibika kila wiki, na nadhani alifurahi ilipoharibika. Na fundi wa malori kutoka Buguruni, pande la mtu, aliyeitikia shikamoo yangu kwa sauti ya kutikisa vikombe.

Kila mmoja alikuja na kilicho chake mfukoni, na hapo ubishi ulianza. Hii ya Mjerumani. Maandishi ya Mjerumani hayo, chuma chenyewe kimezaliwa wapi? Spana ilining'inizwa kwa uzi, ikagongwa kwa ukucha, wote wakanyamaza kusikiliza. Chuma kizuri huimba, baba alisema, kibaya hukohoa. Halafu ililazwa kiganjani, macho yamefumbwa, kupima kama uzito umekaa sawa. Nami nilipewa nipime, na nikijibu vizuri napata kashata. Siku moja nilimwomba mama anipe ile spana ya kurekebishika, nikaitaja kwa jina ambalo mafundi wote wa Bongo wanalijua, spana malaya, kwa sababu hushika nati ya kila namba. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Kofi nililopata nalikumbuka, na nakumbuka wanaume wanne wazima wakitazama sakafu kwa adabu huku mabega yakiwatikisika.

Uani kulikuwa na injini mfu ya lori, ambayo baba aliinunua kwa ajili ya vipuri ikabaki hapo hapo, kuku wakitagia ubavuni mwake. Sheria yao ilikuwa moja: kifaa hakisifiwi wala hakinunuliwi kabla hakijaionja ile injini. Wakihamia uani, kifaa kilivishwa nati, kikaifungua, kikaifunga tena. Kikiteleza, mwenyewe alikirudisha mfukoni na kuanza kuzungumzia mpira. Wakiuziana wao kwa wao, waliuziana palepale, mbele ya injini. Na baba alikuwa na sifa yake katika kufunga. Walikuwa na msemo juu yake: nati aliyoifunga huyu, ataifungua mwenyewe.

Kisha baba akaanguka. Ilikuwa asubuhi, gereji, akinawa mikono. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelala ubavuni. Maneno yalirudi polepole, mkono haukurudi. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mama bila kuficha: mkono huu ukifanyishwa kazi mapema, unaweza kuamka, ukiachwa, utakauka. Na mazoezi yalikuwa ya kulipia, ilhali mleta fedha wa nyumba ndiye huyo mgonjwa. Mama aliuza redio, akauza cherehani yake. Kilichobaki chenye thamani kilikuwa sanduku la vifaa.

Walibishana siku nyingi kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Mama alitaka liuzwe ili mkono upone. Baba alimwuliza, ukishapona utashika nini? Nilimwonea huruma kila mmoja kwa zamu yake, na sikujua niwe upande wa nani. Mwishowe baba akakubali, kwa sharti. Pale kwenye injini palikuwa na nati aliyoifunga kwa mkono wake Jumapili ya mwisho kabla ya kuugua. "Atakayeifungua ile, sanduku ni lake, alinunue," akasema. "Asiyeiweza nati yangu hawezi kushika spana zangu." Mama alikubali mara moja. Alimfahamu yule wa Buguruni. Alishamwona akifungua magurudumu ya lori huku akipiga soga.

Aliwapitia mmoja mmoja, akawaeleza shida yote. Jumapili wakaja, wamevaa kama watu waliokuja kuhani msiba, na pesa wamekuja nazo. Baba tulimkalisha uani kwenye kiti, shati safi. Jirani alijaribu kwanza, leso mkononi, akashindwa, hakuna aliyemtegemea. Mwalimu akafuata, spana ikamponyoka, akafuta miwani. Kisha fundi wa Buguruni akaishika. Akaguna, akakunja uso, akatikisika mwili mzima. Nilisimama karibu naye. Naijua shingo yake inavyovimba akivuta kweli, na siku ile shingo ilikuwa imelala. Zilikuwa kelele tu.

"Aisee fundi," akasema akihema, "hii uliifunga na nani? Imegoma kabisa."

Baba akacheka. Mdomo ulicheka upande mmoja, lakini ulicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Jirani akapiga makofi. "Nimesema mimi! Nati ya fundi, fundi mwenyewe tu!" Wakanywa chai, wakasifia nati, wakaondoka na pesa zao. Baba alimaliza chakula chote mchana ule. Mama alibaki mlangoni pa jiko ameshika sinia tupu.

Sitaki uwaone wabaya. Walimpenda baba yangu. Walimtazama kwenye kile kiti wakashindwa kuwa watu wa kumchukulia spana zake, wakampa kitu pekee walichoona wanaweza kumpa. Wakarudi Jumapili iliyofuata, wakajaribu tena, wakashindwa tena. Ikawa mchezo. Baba alianza kuisubiri Jumapili, alianza kunyolewa ndevu Jumamosi. Na wiki zikienda, vidole vyake vilikuwa vikijikunja kuelekea kiganjani. Mama alivikunjua kwa mafuta ya nazi, vikakunjika tena, kila siku vigumu kuliko jana. Nilikuwa mtoto, lakini nilichukia vicheko vya uani. Bado nikivikumbuka navichukia.

Asubuhi moja mama alikuwa akifua, baba akiota jua kitini kwake. Mama aliinuka. Alijifuta mikono kwa khanga, akaingia ndani, akatoka na spana namba kumi na tisa. Akaivisha ile nati, akashikilia ukuta, akaikanyaga spana kwa kisigino. Mara ya pili nati ikalia, ikazunguka. Akaimalizia kwa vidole, akaichomoa, akaiweka katika kiganja cha kushoto cha baba.

Baba aliitazama. Kisha akautazama mguu wa mama, mwembamba, una povu la sabuni. Nilimwona akielewa. Kazi ya mwanamke aliyekuwa akifua nguo, na wanaume watatu wameishindwa Jumapili baada ya Jumapili. "Kumbe," akasema. Akaizungusha nati kwa kidole gumba. "Basi ni lako, mama watoto. Uza." Mama ndiye aliyelia. Baba hakulia, na natamani angelia.

Siku ya kuuza, mama alitandaza gunia barazani mwenyewe, na juu kabisa ya vifaa akaiweka ile nati. Wakafika, wakaiona. Hakuna aliyeuliza imefunguliwa na nani. Kila mmoja alichukua kile alichokitamani miaka yote: jirani zile bisibisi zenye mipini ya mbao, mwalimu seti ya soketi, fundi wa Buguruni spana kubwa. Hakuna aliyegonga chuma kwa ukucha, hakuna aliyefumba macho, hakuna aliyeitaja injini. Walilipa bila kupunguza bei hata kidogo. Baba alikuwa chumbani, dirisha wazi, anasikia kila kifaa kikiinuliwa. Waliondoka bila kumuaga.

Mazoezi yakaanza, yamechelewa. Mkono uliamka kiasi cha kushika kikombe na kufunga kifungo cha shati, na mama alimshukuru Mungu kwa hilo, nami nilishukuru pamoja naye. Alikuwa amefanya lililopaswa kufanywa, na hakuna aliyemsaidia kulifanya.

Lakini watu wale hawakurudi. Shuleni mwalimu aliniuliza hali ya baba huku akifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Jirani alinipa peremende dukani kabla sijasalimia, ili nisikae. Yule wa Buguruni sikumwona tena. Zamani nilidhani ni kiburi. Siku hizi nadhani ni aibu: mtu atakujaje kukaa na mwenzake barazani, naye ana spana ya mwenzake nyumbani, na mwenzake anajua alivyomdanganya? Sasa baba hayupo, jirani alihama, na katika mtaa mzima hakuna baraza hata moja ya kutandaza gunia; kila hatua ni mlango wa duka. Wanaonunua spana wananunua haraka, wanaweka kwenye mfuko wa plastiki, wanaondoka. Hakuna anayekaa kusikiliza chuma.

Jumapili ya kwanza baada ya sanduku kuuzwa, baba aliniomba nimvalishe shati la kanisani, akatoka akaketi barazani. Mama alichemsha chai ya watu wote, nami nikapanga vikombe. Tulikaa. Watu walipita, wakatusalimia, wakaenda zao. Chai ikapoa ikafanya utando, nikamwuliza baba kama nitoe vyombo.

"Viache kidogo, mama," akaniambia, macho yake kwenye kona ya mtaa. "Watakuwa wamezuiwa na mvua."

Nikatazama juu. Jua lilikuwa linawaka Kariakoo nzima.